Nani kazila volti kati ya Tororo na Lira?

Jirani yangu hapa Tororo, mzee mwenye mashine ya kusaga, anaamini kwamba nyaya ndefu hunywa umeme njiani. Nikimwambia hiyo ni nusu tu ya ukweli, hunitazama kama fundi anayejiandaa kupandisha bei.

Kwa miaka mingi, kabla ya bwawa la umeme la Karuma, mji wa Lira, kaskazini mwa Uganda, uliegemea laini ya kilovolti 132 inayotoka huku kwetu na kupitia Opuyo, karibu na Soroti. Ni zaidi ya kilomita 200. Tupige hesabu ya laini ya kubuni ya kilomita 100: ukinzani omu 15, riaktansi (kizuizi kinachotokana na uga wa sumaku wa laini yenyewe) omu 40. Mwisho wake pana mzigo wa megawati 60 na mega-VAr 30 (kipimo cha nguvu nyingine, nitaieleza punde). Sisi mafundi tuna njia ya mkato: megawati mara ukinzani, mega-VAr mara riaktansi, jumlisha, kisha gawa kwa kilovolti. Yaani 900 na 1,200, gawa kwa 132. Zimepotea karibu kilovolti 16, asilimia 12!

Hebu tazama tena hizo namba mbili. Mega-VAr ni nusu ya megawati, lakini ndizo zilizoshusha volti zaidi. Hii ndiyo nguvu riaktivu. Haisagi hata punje moja ya mahindi. Huingia kwenye mota kujenga uga wa sumaku, ikarudi, ikaingia tena, mara 100 kwa sekunde. Na anayeiagiza ni mota ya mzee mwenyewe.

Kwa hiyo dawa si lazima iwe waya mnene. Funga kapasita, vifaa vinavyotoa nguvu riaktivu papo hapo, za mega-VAr 20 kule kule kwenye mzigo, zibaki 10 za kusafirishwa, na upungufu unashuka hadi kilovolti 10 hivi. Kupandisha msongo, yaani kilovolti za laini, nako kunasaidia sana, ndiyo maana Karuma hadi Kawanda, karibu na Kampala, wakajenga kilovolti 400, ila hayo ni mabilioni.

Kichekesho huja usiku. Mashine zikizimwa, laini ndefu yenyewe hugeuka kapasita na kutoa nguvu riaktivu, na volti za mwisho wa laini zikapita zile za mwanzo. Hapo tunafunga riakta, koili kubwa zinazomeza nguvu riaktivu, ili kuzishusha.

Nilipomweleza hilo, mzee alicheka. “Kwa hiyo usiku zinatapika, mwanangu?”

Nilitafuta jibu la kifundi nikakosa.