Kipupwe cha Dodoma, ngozi ya mtoto na sweta mbili

Kuanzia Juni hadi Agosti, kinachoongoza kwa maswali kliniki yetu ya watoto ni ngozi. Mama anamshusha mtoto mgongoni, anavua kofia, soksi, sweta ya kwanza, ya pili, ndipo tunaiona miguu iliyopauka kama imepakwa majivu. Bibi aliyewasindikiza anadakia: "Nesi, mjukuu wangu ananyauka huyu."

Hanyauki, bibi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, zikikatika ni upepo na vumbi mpaka karibu mwisho wa mwaka. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu na hupoteza maji upesi. Kichanga naye, hasa aliyepitisha tarehe aliyokadiriwa kuzaliwa, hubanduka viganja na nyayo wiki moja au mbili za mwanzo, hata angezaliwa Tanga penye unyevu. Usimmenye, itatoka yenyewe.

Kinachomkausha zaidi ni beseni. Asubuhi anaogeshwa, jioni anaogeshwa, maji ya moto, sabuni ni ile ile ya kipande inayofulia nepi. Maji ya visima vingi vya huku ni magumu: povu halitoki, mama anaongeza sabuni, na masalia yake yanabaki kwenye ngozi. Mara moja kwa siku inatosha. Ukiruka siku, mfute uso, shingo na makalio, hataharibika. Maji yawe vuguvugu, yapime kwa kiwiko, dakika tano mtoe. Sabuni isiyo na manukato iishie kwapani, kwenye mikunjo na makalioni. Kisha mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa bila kumsugua, na mafuta yaingie papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta hayaleti maji, yanayazuia yaliyopo yasitoke. Ukimpaka saa nzima baadaye, huna tena cha kuzuia.

Mafuta gani? Chaguo langu ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo la bei ndogo la duka la mtaani. Alizeti, ambayo Singida na Dodoma ndiko kwao, ni ya pili, ila iwe safi, siyo iliyobaki kwenye kikaango. Mafuta ya zeituni wanayoagiza watu kwa bei ya juu siyapendi kwa kichanga. Yana tindikali ya oleiki nyingi, na hiyo hulegeza ukuta wa ngozi. Tusiyatarajie makubwa pia: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kumpaka mtoto mafuta ya kulainisha kila siku mwaka wake wa kwanza hakumzuii kupata pumu ya ngozi (ekzema), yaani ngozi kavu inayowasha na kurudiarudia.

Pumu ya ngozi yenyewe ni habari nyingine. Mabango mengi yanasema utaona wekundu. Kwa watoto wetu utaona weusi uliozidi au rangi ya kijivu, vipele vikavu mashavuni au kwenye viungo, na mtoto anajikuna mpaka halali. Huyo mlete. Usimnunulie duka la dawa ile tyubu ya dawa tatu kwa mpigo. Nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe, na uso wa mtoto si mahali pake.

Na zile sweta? Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo mvike. Tatizo ni saa sita mchana, jua linawaka na mtoto bado amefungwa. Jasho linamtoa harara shingoni, sufu inamwasha, na kubwa kwangu ni kwamba hawezi kurusha mguu wala kujigeuza. Mgongoni kwa mama si pabaya, shingo inafanya kazi pale. Kulazwa chali kutwa nzima ndani ya blanketi ndiko kunakomchelewesha kukaza shingo na kujigeuza. Basi unganisha kazi mbili: mchana, mahali pasipo upepo, tandika mkeka, mpake mafuta, kisha mlaze kifudifudi dakika chache akiwa macho na wewe upo hapo. Atalalamika. Kesho atalalamika kidogo.

Hatua zake usizipime kwa mtoto wa jirani. Tabasamu la kukujibu huja karibu na miezi miwili, shingo hukaza kufikia minne. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wenye afya wa nchi tano, Ghana ikiwemo, kukaa bila kushikwa kulikuja kati ya takriban miezi minne na tisa, kutembea kati ya minane na karibu kumi na minane, na wachache hawakutambaa kabisa. Njiti mhesabie kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Hivyo vigari vya magurudumu vya kujifunzia kutembea, acheni dukani.

Ninaotaka kuwaona mapema ni hawa: mwenye malengelenge ya usaha au aliyeacha kunyonya, asiyefuata uso wako kwa macho akifika miezi mitatu, mwenye shingo inayoanguka baada ya minne, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, na aliyekuwa akikaa vizuri kisha akaacha. Huyu wa mwisho aje leo leo, hata kama kadi inasema mwezi ujao.