Tope la Salenda na wageni wa kaskazi

Watu wakiniuliza mahali pa kutazama ndege bila kutoka Dar es Salaam, nawapeleka Daraja la Salenda, pale Mto Msimbazi, ukishateremka kutoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji, unapoingia baharini. Wengi wakifika huziba pua. Miaka yote ya kazi yangu nimeinama juu ya tope hilo, nami nawaambia: subirini maji yapwe.

Desemba hadi Machi, huko Siberia ardhi imeganda na mdudu haonekani. Ndege wa ufukweni wanaozaliana kule huwa wameshashuka kwetu, na msimu wa kaskazi huwakuta wako hapa. Yupo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, mzito kama yai la kuku tu. Kwao huvaa manyoya mekundu kama tofali. Kwetu ni wa kijivu, na wageni humpita bila kumtupia jicho. Mtazame tena Aprili inapokaribia. Ukiona mabaka mekundu yanajitokeza kifuani, ujue anajiandaa kwa safari: amekula akanenepa, na mafuta yale ndiyo nauli yake.

Anakula nini? Minyoo, vikonokono, vikaa vidogo. Ncha ya mdomo wake imejaa neva za kugusa, kwa hiyo humpata mnyoo aliyezama topeni bila kumwona. Sululu, aliye mkubwa zaidi na mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia, hutumia macho. Siku moja nilimwona akimtoa kaa shimoni, akamtikisa mpaka miguu ikapukutika, ndipo akammeza. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba chambo karibu nami akacheka. Nilipomwamkia na kumuuliza anajuaje pa kuchimba, akanijibu, “Mwanangu, wanapodonoa hao ndipo ninapochimba.”

Kabla ya darubini, tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hapa hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na saa hiyo ndege wametawanyika mbali, vidoto tu kwenye mng’ao wa jua. Fika saa tano unusu, tulia. Maji yanaporudi huwasogeza ndege hatua kwa hatua mpaka ulipo wewe na mikoko. Siku za maji mafu tope linalofunuka ni dogo, na mimi huwa siendi.

Maji yakijaa, meza yao imefunikwa. Hujibana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wamesimama kwa mguu mmoja, midomo imefichwa mgongoni. Hapo ndipo ninapoumia, maana kuna wanaowakimbilia ili warushwe na picha ipendeze. Kila wakirushwa huunguza mafuta waliyoyatafuta asubuhi nzima, na wakati huo hawana pa kwenda kuyarudisha. Simama hatua mia moja kutoka kwao. Wakianza kunyoosha shingo na kuteremsha ule mguu wa pili, umeshasogea mno. Rudi nyuma taratibu. Mwenye mbwa amfunge kamba.

Bamvua lijalo nitakuwa upande wa Upanga na darubini mbili. Moja ni ya atakayekuja bila yake.