Ugali, soya na mkojo wa mwanariadha

Vijana wanaofanya mazoezi ya mbio huku Uyole, Mbeya, wakishajua kwamba mimi ni mkemia, swali huwa ni lilelile: testosteroni, ile homoni ya kiume ambayo wanariadha wamekatazwa kujiongezea, kila mtu anayo mwilini, sasa maabara inajuaje kwamba hii imetoka kwenye sindano? Wana haki ya kuuliza. Molekuli ya kiwandani na ya mwilini zimeundwa sawasawa, atomu kwa atomu.

Kinachoangaliwa kwanza ni uwiano. Mkojo una testosteroni na ndugu yake epitestosteroni, ambayo sindano haiiongezi. Kwa watu wengi uwiano wa hizi mbili hauko mbali na 1. Ukivuka 4, sampuli inatiliwa shaka. Kabla ya mwaka 2005 kikomo kilikuwa 6. Tatizo ni kwamba wapo wasafi wanaovuka 4 kwa maumbile tu, na wapo waliozaliwa bila jeni ya UGT2B17, inayousaidia mwili kutoa testosteroni kwenye mkojo, ambao hata wakichomwa sindano uwiano wao unaweza kubaki chini. Kwangu mimi, uwiano ni sababu ya kuendelea kupima, basi.

Hatua inayofuata ndiyo tamu, maana inapitia shambani. Kaboni ina aina mbili zilizo thabiti: kaboni-12, na kaboni-13 iliyo nzito kidogo, ambayo ni kama asilimia 1.1 tu. Mahindi, mtama na miwa hunasa hewa ya ukaa bila kuibagua sana hiyo nzito. Mpunga, viazi, ndizi, maharage na soya huibagua zaidi. Kwa kipimo cha sehemu kwa elfu dhidi ya kiwango cha kimataifa, mahindi huwa karibu −12, na kundi la pili karibu −27; namba ikiwa chini zaidi, kaboni-13 ni kidogo zaidi. Mwili nao hujijenga kwa unachokula, kwa hiyo anayekula ugali mchana na usiku hapa Mbeya hatakuwa na namba sawa na wa Tukuyu anayeshindia ndizi, wala wa Kyela na wali wake.

Testosteroni ya kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kutokana na steroli za mimea, hasa soya, kwa hiyo hubeba alama ya kundi la pili. Maabara hutenganisha steroidi za mkojo, yaani kundi la kemikali ambamo testosteroni imo, kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya kuchambua mchanganyiko ukiwa mvuke, huichoma kila moja hadi iwe kaboni dioksidi, kisha hupima uwiano wa nzito kwa nyepesi.

Mstari mmoja wa kukatia watu wote ungekuwa dhuluma kwa wala wali. Ndiyo maana testosteroni na mazao yake hulinganishwa na steroidi nyingine kutoka mkojo uleule, kwa mfano pregnanedioli, ambayo sindano haiigusi. Vyote viwili vimetokana na chakula kilekile. Tofauti ikizidi 3 kwa elfu, mwanariadha ana maswali ya kujibu. Na hapo ugali humfichua mdanganyifu: mwili wake uko mbali na soya, pengo linaonekana wazi. Mla viazi na wali yuko karibu nayo, na dawa iliyochanganywa kwa ujanja inaweza kupita.

Sasa hesabu. Tuseme kila kipimo kina mashaka ya 0.5. Tofauti ya viwili haina mashaka ya 0.5 bali kama 0.7, kwa sababu makosa ya pande zote mbili hujumlishwa kwa miraba, yaani kipeuo cha pili cha 0.25 + 0.25. Tofauti ya 3.2 haitoshi kunifanya nilale usingizi. Ya 6, nalala. Tena kila sampuli inayoongezwa ni nafasi nyingine ya kukosea. Kipimo kinachomsingizia msafi mara 5 kati ya 100, ukikirudia kwa sampuli 8 za mtu huyohuyo, uwezekano wa kumnasa angalau mara moja unafika karibu asilimia 34.

Hoja ya aina hiyo ndiyo aliyoitoa mwanatakwimu Donald Berry katika jarida la Nature mwaka 2008, kuhusu Floyd Landis, mwendesha baiskeli aliyevuliwa ushindi wa mbio za Tour de France za 2006. Mwaka 2010 Landis alikiri kwamba alitumia dawa kwa miaka kadhaa, na wengi wakaona Berry ameumbuka. Mimi sioni hivyo. Alichotaka ni maabara ionyeshe inakosea mara ngapi kwa watu wasafi, na ungamo la mwendesha baiskeli mmoja halijibu swali hilo.