Je, wajua kwa nini ree mbili zinapigwa kila siku kwenye poka ya mtandaoni?

Unaingia kwenye tonamenti, karata mbili za kwanza zinatua kwenye skrini: ree ya kopa na ree ya shupaza. Moyo unaruka. Kwenye Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu ana karata zake mbili na tano za katikati ni za wote, hakuna mkono wa kuanzia unaozidi huo, yaani kabla karata za katikati hazijafunguliwa wewe ndo mkubwa wa meza. Dakika mbili baadaye umeshatolewa, na aliyekutoa alikuwa na 9 na 4, takataka kabisa. Wengi hapo wanaanza kulia kwamba mtandao una janjajanja, programu inachagua mshindi. Mi naona jibu liko palepale mezani, ila kuhesabu ndo watu hawataki.

Ree mbili zikikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85. Wakiwa wawili unashuka hadi 73 hivi, watatu 64, na wakifika watano uko chini kidogo ya nusu. Meza nzima ya watu 9 ikikomaa mpaka karata ya mwisho, unashinda kama mara 35 tu kati ya 100. Yaani mmoja mmoja wote wanyonge kwako, wingi wao ndo unakuua.

Sasa angalia watu wanavyojichongea. Blaindi, zile chipu (sarafu za mchezo) za lazima ambazo wawili wanaweka kabla ya mkono kuanza, ni 50 na 100. Wewe una ree zako unajifanya mjanja, unaweka 100 tu kimyakimya usije ukawatisha. Wanaingia wengine watatu, mmoja wao yule wa blaindi ndogo, halafu wa blaindi kubwa ambaye kashalipa tayari anaangalia bure na 9 na 4 yake. Mezani kuna 500, mko watano. Zinafunguliwa 9, 4, 2. Unaona karata ndogondogo, unacheka, unasukuma chipu zako zote, jamaa anafuata na jozi mbili, na hapo umebakiwa na kama robo tu ya nafasi. Nani alimkaribisha? Ungepandisha hadi 250 au 300 toka mwanzo asingekuwepo kabisa, angetupa karata zake akaendelea na mambo yake. Mtandaoni wengi wanapandisha mara 2 hadi mara 2 na nusu ya blaindi kubwa, na kama mbele yako kuna walioingia kimyakimya unaongeza blaindi kubwa moja kwa kila kichwa. Lengo si wote wakimbie, unataka abaki mmoja, wawili wakizidi, wenye karata za kulipa.

Halafu kuna suala la spidi. Ree mbili zinakuja mara 1 kwa kila mikono 221 kwa wastani. Kwenye meza ya kawaida wanagawa mikono kama 25 au 30 kwa saa, kwa hiyo unaweza kukaa siku nzima ukaziona mara moja tu. Mtandaoni mikono 60 na kitu kwa saa ni kawaida, na mtu kafungua meza nne kwa pamoja, anaziona karibu kila saa, so vipigo navyo anaviona kwa spidi hiyohiyo. Tena hata ukibanana na mtu mwenye K mbili, ambayo ndo ndoto ya kila mtu, unashinda kama 82 kwa 100. Fanya hivyo mara 5 mfululizo, uwezekano wa kutoka salama zote tano ni kama asilimia 37. Si wizi huo, ni hesabu tu.

Ila kinachonivutia mimi zaidi ni chipu zenyewe, kwa sababu kwenye tonamenti chipu sio hela. Chukua meza ya watu 10, zawadi jumla dola 1,000, wa kwanza 500, wa pili 300, wa tatu 200. Mnaanza sawa, kwa hiyo rundo lako lina thamani ya dola 100. Mkono wa kwanza tu unamtoa mtu, chipu zako zinakuwa mara mbili, basi una 200? Hapana, ukipiga hesabu ya nafasi yako ya kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu inatoka kama dola 184. Ukipoteza lakini, unapoteza 100 yote. Sasa weka ree na K pale, mkono ambao watu wanauabudu, dhidi ya Q mbili: unashinda kama 43 kwa 100, asilimia 43 ya 184 ni dola 79, na ulianza na 100. Hata yule mwenye Q mbili, na asilimia 57 zake, anatoka na 105 hivi, presha yote ile kwa dola 5. Ree mbili ndo haziguswi na hesabu hii, asilimia 82 ya 184 ni kama 151, hapo weka zote bila kufikiria.

Isipokuwa sehemu moja. Kuna tonamenti zinaitwa satelaiti, zawadi yake ni tiketi ya tonamenti kubwa zaidi, ndo njia aliyopitia Chris Moneymaker kutoka mtandaoni mpaka akabeba dola milioni 2.5 kule World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, mwaka 2003. Tiketi zote ni sawa, wa kwanza hapati zaidi ya wa kumi. Tuseme tiketi ni 10, mmebaki 11, wewe ni wa pili kwa chipu na kuna jamaa amebakiwa na blaindi moja tu. Mwenye chipu nyingi kuliko wote anasukuma zote, unachungulia zako: ree mbili. Unazitupa, unamsubiri yule wa blaindi moja afe.