Je, wajua kwa nini kengele ya hatari katika shule za Marekani, yaani kitufe cha kuomba msaada, hailii?

Wengi hudhani kengele hiyo ni ya kimya ili mshambuliaji asijue kwamba polisi wameitwa. Dhana hii imetoka benki. Mwizi wa benki anataka fedha aondoke. Akisikia king'ora anaweza kumpiga karani risasi, ndiyo maana kitufe hufichwa chini ya kaunta. Lakini aliyeingia shuleni kuua hatulizwi na ukimya. Mlio hauna athari kubwa kwake. Wenye kuathirika ni wanafunzi.

Mtoto amezoezwa tangu akiwa mdogo kwamba kengele ikilia mfululizo kuna moto, toka nje. Tarehe 14 Februari 2018, katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas mjini Parkland, Florida, vumbi lililotimuliwa na risasi liliwasha kengele ya moto. Ghorofa ya tatu, ambako wengi hawakujua kinachoendelea chini, watu wakafanya walichofundishwa: wakatoka madarasani, wakajaa kwenye korido. Siku hiyo waliuawa watu 17, 6 kati yao katika ghorofa hiyo.

Simu nazo zilizunguka. Waliopiga 911, namba ya dharura, kwa simu za mkononi walipokelewa na kituo cha mji jirani wa Coral Springs, ilhali Parkland ililindwa na sherifu wa Kaunti ya Broward. Ikabidi taarifa zipitishwe huko.

Mmoja wa waliouawa alikuwa Alyssa Alhadeff, mwenye miaka 14. Mama yake, Lori, alipigania sheria inayobeba jina la bintiye, inayotaka shule ziwe na kengele ya hatari iliyounganishwa moja kwa moja na polisi. New Jersey iliipitisha 2019, Florida 2020, na majimbo mengine yakafuata.

Katika mifumo mingi ya sasa, mwalimu huvaa shingoni kitambulisho chenye kitufe. Kinajuaje yuko chumba gani? Kuna vifaa vidogo vya redio vilivyofungwa sehemu mbalimbali za jengo. Mfikirie mtu aliyefumbwa macho katika nyumba ambayo kila chumba kina redio inayotaja jina la chumba hicho. Kuta hufifisha sauti, kwa hiyo redio anayoisikia kwa nguvu kuliko zote ndiyo iliyo karibu naye. Jibu hilo hutokea kwenye ramani ya waokoaji, naye mwalimu hajasema neno. Hatari ikiwa ya shule nzima, taa huwaka na kuzimika na vipaza sauti huamuru milango ifungwe. Ukimya basi ni wa kitufe tu.

Kitufe hakizuii risasi ya kwanza. Septemba 2024, katika shule ya Apalachee, Georgia, walimu walikibonyeza na mshukiwa akakamatwa ndani ya dakika chache, lakini watu 4 waliuawa.

Siku nyingi kitufe hutumika kwa mambo mengine: mwanafunzi kazimia, wawili wanapigana. Katika mfumo mmojawapo, kubonyeza mara 3 huita wahudumu wa shuleni. Mara 8 hufunga shule nzima.