Kugeuza picha ya vekta kuwa JPEG: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Ukiandika .jpg mahali pa .svg kwenye jina la faili, umemaliza kazi.

Umebadilisha lebo tu. Fungua SVG, aina ya faili la picha ya vekta, kwa programu ya kuandikia maandishi na utaisoma: ni maelekezo ya kuchora, duara liwe hapa, mstari upite pale, rangi iwe hii. JPEG haina maelekezo hayo. Ina vitone vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, yaani pikseli. Lazima programu isome maelekezo, ichore picha, kisha ihifadhi vitone vyake.

Dhana: Vekta haipotezi ubora ikikuzwa, kwa hiyo hata JPEG yake haitapoteza.

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na inauma kwa sababu kuliepuka ni rahisi sana. Sifa ya kukuzwa bila kupoteza ubora inabaki kwenye vekta. Pale unapogeuza, ndipo unapoamua picha itakuwa na pikseli ngapi, na usipoamua wewe, programu itakuamulia. Inkscape, programu ya kuchora vekta, kwa mfano, huanza na pikseli 96 kwa inchi. Nembo yenye upana wa sentimita 10 itatoka na pikseli 378 hivi. Kwenye simu itapendeza, lakini kwa uchapaji wa kawaida wa pikseli 300 kwa inchi, nembo hiyohiyo inahitaji takribani 1181. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508.

Wengine huichukua ile JPEG ndogo na kuandika 300 kwenye kisanduku cha dpi, yaani pikseli kwa inchi. Pikseli ni zilezile 378, ila sasa zitachapwa kwenye eneo dogo zaidi. Ukiiamuru programu iongeze pikseli, itazikisia. Dawa ni kurudi kwenye vekta na kugeuza upya.

Dhana: Ubora ukiwekwa 100 unapohifadhi JPEG, hakuna kinachopotea.

Hupotea kidogo hata hapo. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria thamani zilizomo. Kwenye picha ya uso wa mtu au ya mawingu huoni kitu, na picha za namna hiyo ndizo JPEG iliundiwa. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe hazina pa kuficha kasoro: ubora ukishushwa, kingo zake huzungukwa na madoadoa kama vumbi. Kwa nembo, michoro na maandishi, mimi huchagua PNG, aina ya faili la pikseli isiyopoteza kitu inapohifadhiwa, isipokuwa nimelazimishwa kutoa JPEG.

Dhana: Sehemu zisizo na rangi zitabaki angavu, yaani kilicho nyuma yake kitaonekana.

JPEG haijui uangavu. Sehemu hizo hujazwa nyeupe, au nyeusi, kutegemea programu. Weka rangi ya nyuma mwenyewe kabla ya kugeuza.

Dhana: Vekta ikipotea, JPEG itarudishwa kuwa vekta.

Zipo programu zinazofuatisha kingo za picha na kuzichora upya, lakini zinakisia: pembe hulegea, herufi hugeuka maumbo yasiyoharirika. Kuingiza JPEG ndani ya faili la SVG hakusaidii pia, kwani vitone hubaki vitone. Ndiyo maana anayekutengenezea nembo akikukabidhi JPEG peke yake, mwombe faili la vekta siku hiyohiyo, pamoja na nakala ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa maumbo. Bila nakala hiyo, kompyuta isiyo na fonti iliyotumika itaweka nyingine badala yake.