Kipaumbele cha kisiasa: bunge la jimbo linapoamua kipi kitangulie

Kila mwanasiasa atakuambia kwamba usalama wa wananchi ndio kipaumbele chake. Kwa maneno matupu, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Ndiyo maana dhana hii haipimwi kwa hotuba. Bungeni, kipaumbele ni jambo linalopewa vitu viwili ambavyo havitoshi kamwe: muda wa kikao na fedha za bajeti. Jambo lisilopewa kimojawapo si kipaumbele, hata kama wabunge wote wanalisifu.

Mfano mzuri ni Texas, mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani, ambako pia wanaishi Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, hasa Houston na Dallas. Walio nje ya Marekani huifuatilia zaidi Washington, lakini mambo mengi yanayomgusa mkazi moja kwa moja huamuliwa na bunge la jimbo lake: gridi ya umeme, masharti ya kununua bunduki, kiasi kinachokwenda shuleni, leseni za kambi za watoto, haki za mfanyakazi wa ujenzi. Na bunge la Texas lina muda mfupi kupita kiasi. Kikao cha kawaida huitwa mara moja tu kila miaka miwili, nacho hakizidi siku 140. Mbunge hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, hivyo wengi wana shughuli nyingine za kuwaingizia riziki. Ndani ya siku hizo huwasilishwa miswada zaidi ya 8,000.

Haiwezekani yote ijadiliwe, kwa hiyo swali kubwa ni nani anapanga foleni. Wa kwanza ni gavana. Katika siku 60 za mwanzo mabaraza mawili ya bunge, Seneti na Baraza la Wawakilishi, hayapitishi miswada isipokuwa ile inayohusu mambo ambayo gavana ameyatangaza kuwa ya dharura. Wa pili ni naibu gavana, ambaye ndiye anayeongoza Seneti: hutoa orodha ya miswada anayoitaka, ikapewa namba za mwanzo, na mswada asioutaka haufiki ukumbini. Katika Baraza la Wawakilishi yupo spika, na ipo kamati ya ratiba inayoamua mswada upi ujadiliwe siku gani. Mswada mwingi Texas hauangushwi kwa kura. Hunyimwa siku, tarehe ya mwisho ikapita, basi.

Tarehe 1 Februari 2021 gavana Greg Abbott alitaja mambo yake matano ya dharura: intaneti ya kasi, kuizuia miji isipunguze bajeti za polisi, masharti ya dhamana kwa watuhumiwa, uendeshaji wa uchaguzi, na kinga ya kisheria kwa biashara zitakazoshtakiwa kuhusu korona. Umeme haukuwamo. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15, baridi kali ikatanda juu ya jimbo zima. Mitambo ya kuzalisha umeme ikasimama, na visima na mabomba ya gesi inayoilisha mitambo hiyo yakaganda pia. Msimamizi wa gridi, ERCOT, akalazimika kukata umeme kwa mamilioni ya nyumba. Baadaye ilielezwa kwamba gridi ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 kabla ya kuanguka yote, na kuirejesha kungeweza kuchukua wiki kadhaa.

Hesabu rasmi ya jimbo ni vifo 246. Wengi waliuawa na baridi. Wengine walikufa kwa namna ambayo msomaji wa kwetu anaifahamu vizuri mno: waliingiza jiko la mkaa ndani, au waliwasha gari gereji ili wapate joto, hewa ya sumu ikawamaliza. Wakati huo Texas haikuwa na sheria ya jimbo zima inayotaka kila nyumba iwe na king'ora cha kutambua hewa hiyo.

Baridi si kosa la mbunge. Lakini miaka kumi kabla, Februari 2011, baridi ilishazima umeme Texas, na ripoti ya wasimamizi wa shirikisho, yaani wa serikali kuu ya Washington, mwaka huohuo ikashauri mitambo ikingwe. Bunge likaishia kuyataka makampuni yatoe taarifa ya namna yanavyojiandaa. Halikuyalazimisha yajikinge. Gridi ya Texas imetengwa kwa makusudi na gridi za majimbo jirani, kwa kiasi kikubwa ili isiingie mikononi mwa wasimamizi hao wa shirikisho, na sera iliyotamba ilikuwa soko huru na umeme wa bei nafuu. Sera hiyo ilikuwa na faida yake kwa mwaka wa kawaida. Baada ya maafa ya 2021 tu ndipo gavana alipoongeza umeme kwenye orodha yake ya dharura, na sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe ikatiwa saini mwezi Juni.

Kwa anayetaka kuona ratiba inavyofanya kazi, mfano ulio wazi kuliko wote ni mji wa Uvalde. Mei 24, 2022, kijana wa miaka 18 aliua watoto 19 na walimu wawili katika shule ya msingi, kwa bunduki aliyoinunua kihalali mara tu baada ya kufikisha umri huo. Kikao cha 2023 kilipofika, familia zilitaka mswada wa kupandisha umri wa kununua bunduki za aina ile hadi miaka 21. Siku ya kusikilizwa, mwezi Aprili, wazazi walisubiri zaidi ya saa 12 kabla ya kuitwa kutoa ushahidi. Kisha mswada ukakaa kwenye kamati. Mei 6 mtu mwingine akaua watu wanane kwenye maduka ya mji wa Allen, na siku mbili baadaye kamati ikaupitisha kwa kura 8 dhidi ya 5, wakiwamo wawili wa Republican, chama cha gavana chenye wabunge wengi. Kesho yake ikawa ndiyo tarehe ya mwisho ya kuingia kwenye ratiba. Haukuingizwa.

Kikao hichohicho kilipitisha sheria ya kutaka kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha, jimbo likichangia dola 15,000 kwa shule, kiasi ambacho wilaya za elimu zililalamika kwamba hakifikii mshahara wa mlinzi mmoja. Kwa hiyo si kweli kwamba wabunge hawakujali Uvalde. Walio wengi wanaamini haki ya kumiliki silaha haipaswi kuguswa, wakatafuta jibu lisiloigusa. Kipaumbele kinachagua hata dawa ya tatizo.

Mwaka huo pia bunge liliipokonya miji uwezo wa kuweka kanuni zake katika maeneo mengi, kazi ikiwemo. Austin na Dallas zilikuwa zimewahakikishia mafundi wa ujenzi mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa nne wapate kunywa maji, na anayejua jua la Texas la Agosti ataelewa kwa nini. Hoja ya bunge ilikuwa kwamba biashara haziwezi kufuata kanuni tofauti kila mji. Miji ikaenda mahakamani.

Halafu yakaja mafuriko. Alfajiri ya Julai 4, 2025 mto Guadalupe ulipanda kwa kasi ya kutisha katika kaunti ya Kerr. Waliokufa jimboni walipita 130, na kati yao 27 walikuwa wasichana na walezi wao katika kambi moja ya likizo. Kaunti ya Kerr iliwahi kuomba msaada kupitia jimbo, takriban dola milioni moja, kwa mfumo wa kutoa tahadhari ya mafuriko, ikakataliwa. Na katika kikao kilichokuwa kimeisha wiki chache tu kabla, mswada wa kugharimia vifaa vya dharura, ving'ora vikiwemo, ulipita Baraza la Wawakilishi lakini Seneti haikuusikiliza. Tuseme ukweli: hata ungepita, usingekuwa umeanza kutumika Julai.

Gavana aliitisha kikao maalumu. Aliweka mafuriko kwenye ajenda, na pia kuchora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi ili chama chake kipate viti zaidi Washington. Mapema Agosti zaidi ya wabunge 50 wa Democratic walitoroka jimbo ili akidi ya wabunge 100 kati ya 150 isitimie, na miswada ya mafuriko ikakwama pamoja na ramani. Warepublican waliwalaumu kwa kutelekeza wahanga. Wademocrat wakajibu kwamba ramani ndiyo iliyotangulizwa mbele ya wahanga. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilionyesha kilichokuwa cha kwanza kwao. Waliporejea, ramani ilipita na kutiwa saini Agosti 29. Sheria za usalama wa kambi, zinazokataza mabweni kwenye maeneo ya mafuriko, zilitiwa saini Septemba 5.

Kwa nini foleni hupangwa hivyo? Kwa sababu katika sehemu nyingi za Texas mshindi hujulikana mapema, kwenye kura za mchujo za chama. Mwezi Machi 2022 waliozipiga hawakufikia hata mmoja kati ya kila watano waliojiandikisha. Mbunge humsikiliza anayeweza kumwondoa, na huyo ni mpiga kura wa mchujo. Mtambo uliokingwa na baridi haumpi mtu kura, maana ukifanya kazi hakuna anayeona kilichozuiwa.

Kikao cha kawaida kijacho kinaanza Januari 2027, na miswada huanza kupokelewa Novemba, mara baada ya uchaguzi mkuu. Tovuti ya bunge hilo huonyesha kila mswada ulipo. Tazama kama umepangiwa siku ya kusikilizwa na kamati kabla ya Aprili kwisha. Ukiwa bado, maneno mazuri ya aliyeuwasilisha hayatausaidia sana.